Je, Kabrasha Hurithi? Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Makala haya yanahusu neno moja tu. Neno lenyewe ni kurithi, na mahali tunapolikuta ni katika maelezo ya Kiswahili yanayofafanua jinsi ruhusa za makabrasha ya kompyuta zinavyofanya kazi. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba kulijadili neno moja kwa kurasa kadhaa ni kupoteza wino. Tunawaomba wavumilie, kwa kuwa neno hilo limekwisha kumwumiza mtu mmoja, na lisiposahihishwa litawaumiza wengine.

Tungependa pia kueleza mapema kwamba hatutagombana hapa na wale wanaosema folda. Sisi tumechagua kabrasha kwa sababu watumishi wa serikali wamelizoea tangu zamani katika makabrasha ya vikao. Anayependa folda na alisome hivyo. Hoja yetu haitabadilika.

Kisa chenyewe

Tuliitwa katika ofisi moja ya umma, pembezoni mwa Temeke, kwenda kuusoma mwongozo uliokuwa umetafsiriwa kwa ajili ya makarani wa masjala. Ofisi hiyo ilikuwa imeacha kutunza sehemu kubwa ya kumbukumbu zake katika majalada ya karatasi, na badala yake ilizitunza katika kompyuta ya pamoja iliyounganishwa na meza za watumishi wote. Kwa jumla mwongozo ulikuwa na Kiswahili safi. Mahali pamoja uliwafundisha makarani kwamba kabrasha mtoto hurithi ruhusa za kabrasha mzazi, na kwamba anayetaka anaweza kuuzima urithi huo. Maelezo yaliishia hapo, kwa kuwa mfasiri aliona kurithi ni neno ambalo kila msemaji wa Kiswahili analijua.

Na kweli kila mtu alilijua. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Karani aliyehusika alikuwa ametengeneza kabrasha la Watumishi, na ndani yake kabrasha la Nidhamu na jingine la Matibabu. Wakati huo kabrasha la Watumishi lilikuwa likisomwa na maofisa wawili tu, na yale mawili ya ndani yakapata ruhusa hizo hizo. Miezi kadhaa baadaye aliagizwa aweke fomu za likizo na nyaraka za jumla katika kabrasha la Watumishi, kisha alifungue ili watumishi wote, pamoja na vijana waliokuwa mafunzoni, waweze kulisoma. Alifanya kama alivyoagizwa. Kesho yake barua ya daktari kuhusu ugonjwa wa mtumishi mmoja ilikuwa ikizungumzwa wakati wa chai.

Karani huyo ni mama aliyebakiza miaka michache kustaafu. Tulipomwuliza ilikuwaje, alitujibu: "Mwanangu, niliambiwa yale ya ndani yamekwisha kurithi. Kitu kikisharithiwa, marehemu anakirudiaje?"

Hatukuwa na jibu. Kwa Kiswahili chake, ambacho ndicho Kiswahili chetu sote, alikuwa na haki. Kosa lilikuwa la sisi tunaoyachagua maneno na kuyapitisha.

Ruhusa hufanyaje kazi?

Katika kompyuta ya pamoja kila kabrasha lina orodha. Katika orodha hiyo yameandikwa majina ya watu, au ya vikundi vya watu, na kila jina limeonyeshwa linaruhusiwa kufanya nini: kusoma, kuandika, kufuta, au hata kuibadili orodha yenyewe. Jambo hili si geni. Mfumo wa Multics, uliobuniwa Marekani na kuelezwa na wataalamu wake mwaka 1965, ulikwisha kuwa na makabrasha yaliyomo ndani ya makabrasha, pamoja na orodha za ruhusa.

Ofisi ndogo tu yaweza kuwa na maelfu ya makabrasha. Hakuna karani awezaye kuiandika orodha ya kila moja kwa mkono. Kwa hiyo mfumo humpunguzia kazi: orodha huandikwa katika kabrasha la juu, nayo hushuka katika makabrasha yote yaliyomo ndani yake. Kushuka huko ndiko Waingereza walikokupa neno ambalo katika mahakama zetu hutafsiriwa kuwa urithi.

Katika mfumo wa Windows, ambao hutumika katika ofisi nyingi, kushuka huko hakukomi siku kabrasha la ndani linapozaliwa. Kila orodha ya juu inapobadilika, mabadiliko hushuka upya. Akiongezwa mtu juu, ameongezwa na chini. Akiondolewa juu, ameondolewa na chini. Hali huendelea hivyo mpaka mtu alitenge kabrasha la ndani kwa makusudi. Hilo ndilo karani wetu hakuambiwa, na neno alilopewa lilimwambia kinyume chake.

Kurithi katika mitaa yetu

Msomaji apite Tandika au Mwananyamala, atazame kuta za nyumba. Haitachukua muda ataona maandishi ya rangi: nyumba hii haiuzwi. Mara nyingi nyuma ya maandishi hayo pana jambo la mirathi. Mwenye nyumba amefariki, warithi hawakubaliani, mmoja anataka kuuza na mwingine anauandika ukuta ili mnunuzi asije akadanganywa. Wenyeji wa Kinondoni na Temeke hawahitaji kamusi ili waelezwe maana ya kurithi. Wameijifunza barazani, kwa mjumbe na katika Mahakama ya Mwanzo.

Katika maana hiyo wanayoijua mna mambo manne. Kwanza, mwenye mali amekufa. Pili, tendo la kurithi hutokea mara moja, na likisha limekwisha. Tatu, mrithi huwa mwenye mali, naye akipenda aweza kuiuza. Nne, mali hugawanywa, na kinachokwenda kwa mmoja hakiendi kwa mwingine. Nchini kwetu mirathi yaweza kuamuliwa kwa sheria ya Kiislamu, kwa sheria za kimila, au kwa sheria ya mwaka 1865 iliyoletwa kutoka India. Hata hivyo, mambo haya manne hayabadiliki kwa jumla, ingawa mafungu hutofautiana.

Tuyalinganishe sasa na ruhusa za kabrasha. Kabrasha la juu halijafa. Likifutwa, na ya ndani hufutika pamoja nalo. Tendo halitokei mara moja, bali huendelea. Ruhusa haigawanywi: makabrasha kumi ya ndani hupata orodha nzima kila moja, na hakuna lililopunjwa.

Kuhusu umiliki, tofauti ni kubwa zaidi. Katika Windows na katika Linux, mwenye kabrasha ni jambo moja na mwenye ruhusa ni jambo jingine. Mtu aweza kuruhusiwa kusoma na kuandika kila kilichomo bila ya kuwa mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye uwezo wa kuibadili orodha. Hapa Kiswahili kina bahati ya ajabu. Yule tunayemwita msimamizi wa mfumo ana jina moja na msimamizi wa mirathi, na kazi zao zinafanana: wote wawili wamekabidhiwa mali isiyo yao. Lakini kabrasha la ndani likiambiwa limerithi, msomaji hulidhania kuwa mwenye mali, na tofauti hiyo njema hupotea.

Wapo watakaosema kwamba kurithi kuna maana nyingine, yaani ile ya mtoto aliyerithi sura ya baba yake, na kwamba hapo baba hana haja ya kufa. Ni kweli, na hoja hiyo tunaiheshimu. Hata hivyo, mtoto aliyerithi sura aliipata kwa kuzaliwa. Baba akiota mvi leo, mtoto haamki kesho na mvi. Kabrasha la ndani huamka nazo.

Neno lilivyoachwa nyuma na kazi yake

Inafaa kueleza kwamba hata Waingereza hawakulichagua neno lao kwa uzembe. Mfumo wa Windows NT ulipotolewa mwaka 1993, kabrasha jipya lilipewa ruhusa za kabrasha la juu siku lilipotengenezwa, kisha likashika njia yake. Msimamizi aliyetaka mabadiliko ya baadaye yashuke ilimlazimu kuamuru hivyo mwenyewe. Kwa kazi ya namna hiyo, mfano wa mtoto na sura ya baba yake ulifaa kabisa. Ulipokuja mfumo wa Windows 2000 kazi ilibadilika, mabadiliko ya juu yakawa yanashuka yenyewe. Neno halikubadilishwa.

Kwa upande mwingine, namna ile ya zamani haikufa. Katika Linux msimamizi aweza kuliwekea kabrasha orodha ya mwanzo, na kila faili litakalozaliwa ndani yake litaichukua orodha hiyo siku ya kuzaliwa. Orodha ya mwanzo ikibadilishwa baadaye, mafaili yaliyokwisha kuwamo hayabadiliki.

Basi tunaona kwamba Kiingereza kinatumia neno moja kwa kazi mbili zilizo kinyume. Msomaji wao huokolewa na mazoea na vitabu vingi. Karani wetu hana vitabu hivyo. Anacho kijikaratasi kimoja na lugha ya mama. Je, ni lazima Kiswahili kiurithi utata huo, kwa maana kamili ya kurithi, wakati kina maneno ya kuutatua?

Kufuata na kutegemea

Neno la kwanza tunalolipendekeza ni kufuata. Kabrasha la ndani hufuata ruhusa za kabrasha kuu. Mfano wake uko katika utawala wetu wa mitaa. Halmashauri ya manispaa hutunga sheria ndogo, nazo hutumika katika kata zote na mitaa yote iliyomo katika eneo lake. Hatusemi kwamba mtaa umezirithi sheria ndogo za manispaa, twasema unazifuata. Sheria ndogo ikirekebishwa leo, mtaa hauwezi kudai kwamba ulikwisha kuchukua fungu lake mwaka juzi. Maana yote aliyoihitaji karani wetu imo katika kitenzi hiki.

Hata kule kunakoitwa kuzima urithi hufahamika vizuri zaidi kwa njia hii. Kwa masikio ya Mswahili, kuzima urithi ni sawa na kumnyima mtu urithi, yaani kumwacha mikono mitupu. Makarani wengi huiogopa amri hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Ukweli ni kwamba Windows inapopewa amri hiyo huuliza swali: je, ruhusa zilizokuwa zikishuka zigeuzwe ziwe za kabrasha lenyewe, au ziondolewe zote? Anayechagua njia ya kwanza hakuti kilichobadilika siku hiyo. Kilichokatika ni ufuataji wa baadaye. Wilaya ya Kigamboni ilipomegwa kutoka Temeke, na ya Ubungo kutoka Kinondoni, katika mageuzi ya miaka ya 2015 na 2016, hakuna aliyesema kwamba zimenyimwa urithi. Zilitengwa, zikaanza kujitungia. Kwa hiyo kutenga ndilo neno linalofaa.

Neno la pili linatoka katika sarufi, na walimu watalitambua mara moja. Tangu zamani tunafundisha kwamba kuna kishazi huru na kishazi tegemezi, na kwamba kishazi tegemezi hakijitoshelezi, bali huegemea kishazi kingine. Tukisema ruhusa huru, tutakuwa tumetaja ile iliyoandikwa katika kabrasha lenyewe. Tukisema ruhusa tegemezi, tutakuwa tumetaja ile inayoshuka kutoka juu na kubadilika pamoja na ya juu. Tofauti hii si ya nadharia tu. Ruhusa zinapopingana, Windows huzitazama zile huru kwanza: katazo huru hushinda idhini huru, lakini idhini huru hushinda katazo tegemezi. Karani anayelijua hilo ataelewa kwa nini mtu aliyekatazwa juu bado anaingia chini.

Liko jambo la tatu ambalo kufuata hulieleza na kurithi hulipotosha kabisa. Ukinakili waraka wa siri kutoka kabrasha lililofungwa na kuiweka nakala katika kabrasha lililo wazi, nakala hiyo itasomwa na nani? Aliyefundishwa kurithi atajibu kwamba nakala imerithi kutoka kwa waraka mama, na kwa hiyo imefungwa. Amekosea. Nakala hufuata mahali ilipowekwa, kama mgeni afuatavyo taratibu za nyumba aliyofikia, nayo itasomwa na wote. Kwa kawaida jambo hugeuka pale waraka unapohamishwa, badala ya kunakiliwa, ndani ya diski ile ile: hapo huenda na ruhusa zake za zamani. Mtumishi asiyeitambua tofauti hii anaweza kuitoa siri ya ofisi huku akidhani ameilinda.

Hoja za upande wa pili

Hatuna budi kuzitazama hoja mbili zinazoweza kutolewa dhidi yetu.

Hoja ya kwanza ni kwamba istilahi ni mapatano, na kwamba neno lolote laweza kubebeshwa maana mpya. Faili lenyewe lilikuwa la karatasi, na leo hakuna anayetafuta uzi wake ndani ya kompyuta. Hoja hii ni ya kweli, lakini ina mpaka. Neno la zamani hukubali maana mpya kwa urahisi linapoielekeza akili ya msomaji upande ulio sahihi. Faili la karatasi hutunza maandishi, na la kompyuta hutunza maandishi. Kurithi huielekeza akili upande usio sahihi katika mambo manne, kama tulivyoonyesha. Mapatano hayawezi kuwafikia wote, na wasiofikiwa ndio wanaoumia.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: kwamba neno limekwisha kuenea. Tangu mwaka 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili, kazi ya kutafsiri kompyuta imeendelea kwa mikono mingi, Tanzania, Kenya na ng'ambo. Wanaofundisha utungaji wa programu nao wana matumizi yao ya neno hilo, na hatukusudii kuyagusa. Tunakiri kwamba mfasiri wa mwongozo hawezi kukibadili kitufe kilicho katika kioo cha kompyuta. Lakini mwongozo ni wake. Aweza kukitaja kitufe kwa jina lake, kisha akaandika katika mstari unaofuata kwamba maana yake ni kufuata. Mstari huo mmoja ungetosha kuisitiri barua ya daktari.

Tena, wakati hauturuhusu kungoja. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Ofisi italazimika kuandika taratibu za kompyuta zake kwa Kiswahili, na taratibu hizo siku moja zitasomwa mbele ya hakimu. Hakimu akilikuta neno kurithi, atalifahamu kama alivyolifahamu yule mama.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wenzetu, ili yajaribiwe na kukosolewa.

Kabrasha kuu: kabrasha lenye makabrasha mengine ndani yake. Mzazi na mtoto waachwe, kwa kuwa ndio wanaoliita neno kurithi.

Kabrasha la ndani: kabrasha lililomo ndani ya kabrasha kuu.

Kufuata ruhusa: hali ya kabrasha la ndani kupata ruhusa za kabrasha kuu na kubadilika pamoja nazo.

Ruhusa tegemezi: ruhusa iliyopatikana kwa kufuata.

Ruhusa huru: ruhusa iliyoandikwa katika kabrasha lenyewe.

Kutenga kabrasha: kulikomesha lisifuate tena, ama kwa kuzigeuza ruhusa tegemezi kuwa huru, ama kwa kuziondoa.

Kurithi ruhusa: litumike pale tu ambapo ruhusa huchukuliwa mara moja, wakati wa kuzaliwa kwa faili au kabrasha, na haibadiliki tena kwa mabadiliko ya juu.

Msomaji ataona kwamba hatukulifukuza neno kurithi. Tumelirudisha kwenye kazi inayolifaa.

Tuliurudisha mwongozo wa Temeke ukiwa na masahihisho hayo, na kabla ya kuuacha tulimsomea yule mama sentensi mpya, kwamba kabrasha la ndani hufuata ruhusa za kabrasha kuu mpaka litakapotengwa. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama yale ya Nidhamu na Matibabu yamekwisha kutengwa. Tunawashauri wafasiri waipime kazi yao kwa kipimo hicho. Istilahi njema ni ile inayomfanya msomaji aulize swali linalopasa kuulizwa, kabla ya madhara kutokea.